Neno Alilolitoa Lyman Ahekatubbi Kulli Lusa

Mchungaji, wafiwa, majirani wa Kulli Lusa na ninyi mliokuwa njiani tangu jana kutoka ng'ambo ya mto Kiamichi, mimi ni Eastman Pisachubbi, kaka wa mjane, na ninasimama hapa kwa sababu mimi na dada yangu ni wa iksa ya pili, yaani ile nusu nyingine ya Wachoctaw, na kwa desturi yetu mtu hazikwi na watu wa upande wake, bali huzikwa na upande ule alikooa, wao ndio wanaochimba, wanaobeba na wanaosema. Nimeombwa nisome maisha ya shemeji yangu. Mengi niliyaona mwenyewe, mengine nimeyapata kwa binti yake Selina, kwa maana dada yangu hajawahi kulitaja jina la mumewe tangu alipoolewa, kama mwanamke wa Kichoctaw aliyelelewa vizuri, na hata juzi nilipokaa naye kuuliza tarehe alikuwa akisema tu "huyu", huku akikielekezea uso kitanda.

Nitasoma pia habari za neno alilolitoa katika kanisa hili mwaka 1898. Najua ndilo mnalolifikiria tangu mlipoingia, na ni afadhali lisomwe hapa mbele yake kuliko linong'onwe huko nje penye magari.

Marehemu Lyman Ahekatubbi alizaliwa tarehe 11 Machi 1841 hapa Kulli Lusa, katika nyumba ya magogo iliyokuwa juu ya chemchemi, akiwa mtoto wa sita wa mzee Ahekatubbi na mama Onahoke, ambao walihamishwa kwa nguvu kutoka Mississippi mwaka 1833 na kuja huku kwa miguu wakati wa baridi. Katika watoto hao sita ni yeye na dada yake mmoja tu waliofika utu uzima, na wawili walizikwa njiani, mahali ambapo mama Onahoke hakuweza kupataja maisha yake yote, kwa sababu palikuwa na theluji na hapakuwa na mtu wa kumwuliza panaitwaje. Jina la Lyman hakupewa na wazazi wake. Alipewa shuleni, kwa heshima ya mfadhili mmoja wa mbali aliyekuwa akituma mablanketi, na jina langu la Eastman nalo lilikuja kwa njia hiyo hiyo, katika wiki hiyo hiyo.

Shule tuliianza pamoja, Oktoba 1851, katika Chuo cha Spencer, yeye akiwa na miaka kumi na mimi tisa. Alisoma Kiingereza, hesabu, Kilatini kidogo na Biblia nyingi. Kanuni ya chuo ilikuwa kwamba mvulana atakayesikika akisema Kichoctaw mezani atanyimwa asali ya miwa, na siku moja mwenzetu aliyeungua ulimi kwa uji alipolalamika kwa lugha ya mama yake, Lyman alisimama akamweleza mwalimu kwamba mtu akiungua hachagui lugha, kwa hiyo kosa halikuwa la makusudi, na asiye na kusudi haadhibiwi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akampongeza kwa Kiingereza chake safi, kisha akawanyima asali wote wawili. Ndiyo kesi yake ya kwanza, na aliipoteza. Alimaliza masomo Julai 1859 akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Mwezi Juni 1861 alijiandikisha katika kikosi cha Wachoctaw wapanda farasi, upande wa Kusini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa serikali ya Kusini ilikuja na mkataba mzuri, ikaahidi kutulinda na kutupa silaha, na wakuu wetu wakatia sahihi. Mimi nilimfuata baada ya mwezi mmoja. Katika majira ya baridi ya 1862 mimi na yeye tulikuwa na jozi moja ya buti, anayekwenda zamu ndiye anayevaa, na alipenda kuwaambia watu kwamba alijua mguu wa Eastman kabla ya kuujua uso wa dada yake Eastman. Tarehe 17 Julai 1863 tulipigana Honey Springs, mvua ikinyesha, na baruti tuliyoletewa na hao waliotuahidi ilikuwa imelowa mpaka ikawa kama uji, bunduki zikawa fimbo tu mikononi mwetu. Hapo alipigwa risasi ya nyonga, nami nikambeba mpaka kwenye miti. Alipanda hadi cheo cha kapteni, akabaki na cheo hicho mpaka vita vilipokwisha mwaka 1865, na akabaki na mguu mfupi mpaka juzi. Waliotuahidi ulinzi walikwenda zao, na waliowashinda wakatupokonya nchi yetu ya magharibi kwa kosa la kuwaamini. Lyman alisema wakati huo kwamba kosa lilikuwa la wakuu wasiosoma karatasi wenyewe, na kwamba yeye hatatia mkono wake katika karatasi ambayo hajaisoma kila mstari.

Tarehe 3 Mei 1867 alifunga ndoa na dada yangu Phoebe, kwanza kwa desturi na baadaye mbele ya mchungaji. Wazee mnaijua desturi hiyo. Bibi arusi hupewa nafasi, akakimbia kuelekea kwenye mti uliosimikwa, na bwana arusi humfukuza, akimkamata kabla hajafika ndoa ipo, asipomkamata ndoa hakuna. Bwana arusi wetu alikuwa na nyonga yenye risasi. Vijana wa upande wangu walimtania, wakamwuliza kama angependa kuazimwa farasi, au kama bibi arusi angoje mpaka mavuno, naye akajibu kwamba askari aliyekimbizwa kutoka Honey Springs amekwisha kujifunza mbio. Dada yangu alikimbia kama kulungu mpaka katikati ya uwanja, kisha akaketi majanini, akasema ana mwiba mguuni, akautafuta mwiba huo muda mrefu sana, mpaka mama yangu, aliyekuwa amejifunika shuka kichwani ili asitazamane na mkwewe, akauliza kutoka ndani ya shuka kama huo ni mwiba au ni mti mzima. Mwiba haukuwepo. Walijaliwa watoto wanne, wawili wakachukuliwa na surua mwaka 1879, Josiah akachukuliwa na ndui mwaka 1900, na Selina ndiye huyu mnayemwona hapa.

Alisomea sheria kwa jaji mmoja mzee wa wilaya yetu, na Januari 1869 akaruhusiwa kusimama katika mahakama za Taifa la Choctaw kama wakili. Alifanya kazi hiyo karibu miaka thelathini. Kwa ajili ya vijana wetu, ambao hawakuwahi kuziona mahakama hizo, inanipasa niseme jinsi zilivyofanya kazi. Hatukuwa na gereza. Mtu aliyehukumiwa kuchapwa au kufa aliambiwa siku yake, akaulizwa kama atakuja, akisema atakuja aliachwa aende nyumbani bila mlinzi, na siku hiyo ilipofika alikuja mwenyewe. Wazungu wa Fort Smith hawakuliamini jambo hili, na mfanyabiashara mmoja wa huko alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini, akasema kwao mtu wa namna hiyo angekuwa Meksiko kabla ya jua kuzama. Lyman alimjibu kwamba ndiyo sababu kwao wanahitaji kuta nene.

Mwaka 1883 alimtetea Amos Tonihka, mkulima wa hapa Kulli Lusa, aliyemwua mtu kwa fimbo katika ugomvi baada ya mchezo wa mpira kwisha. Hukumu ilisomwa tarehe 12 Juni, kwamba apigwe risasi Ijumaa tarehe 2 Novemba, baada ya mavuno, kwa kuwa mahindi yake yalikuwa ndiyo kwanza yamefika magotini na mkewe alikuwa na mtoto mchanga aliyeitwa Wesley. Aliulizwa kama atakuja, akasema atakuja, akapanda farasi wake akaenda kupalilia.

Mwezi Septemba dada yake Amos, Siney Tonihka, alikuja nyumbani kwa wakili. Nilikuwepo barazani. Hakuketi, wala hakupokea chakula alicholetewa. Alisema mto Mwekundu uko mwendo wa siku moja tu, ng'ambo yake ni Texas, na Texas hakuna anayemjua Amos, na kwamba Amos hamsikilizi mtu yeyote duniani isipokuwa wakili wake. "Mwambie avuke," akasema. "Neno moja tu. Mimi nitamlea mtoto."

Lyman akasema, "Neno alilitoa yeye, Siney, mbele ya watu. Si langu nilirudishe."

"Umesoma mpaka umekuwa jiwe," akamwambia, akashuka ngazi, akaenda zake.

Siku ile ya Novemba Amos alifika mapema kuliko mkuu wa wilaya, ambaye farasi wake alikuwa amevua kiatu njiani, akafunga farasi wake, akatazama huku na huku, akawauliza watu waliokuwa uwanjani, "Mimi ninayekufa nimekuja. Anayeua yuko wapi?" Watu walicheka, na wengine walikuwa wakilia huku wanacheka. Desturi ni kuchora alama penye moyo ili risasi ijue pa kwenda, na Amos akaomba alama hiyo ichorwe na wakili wake, kwa kuwa ndiye mwenye mkono wa shule. Lyman alipiga magoti mbele yake na vumbi la mkaa kidoleni. Nilimsikia Amos akimwambia taratibu, "Usitetemeke, wakili. Ukikosea wewe, nitaumia mimi." Hakukosea.

Nimeyasoma haya kwa urefu kwa sababu yaliyofuata yametoka humo.

Mwaka 1887 watu wa wilaya hii walimchagua kuwa mjumbe katika Baraza la Taifa huko Tuskahoma, na mwaka 1893 wakampeleka katika Seneti yetu, na wale waliomwita Kapteni wakaanza kumwita Seneta, isipokuwa Siney Tonihka, ambaye aliendelea kumwita wakili. Ilikuwa ni miaka ya Tume ya Washington, iliyokuja na kurudi, ikitaka nchi yetu, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya wote na haikuwa na hati ya mtu, ikatwe vipande, kila mtu apewe chake, na serikali yetu ivunjwe. Lyman alisimama kinyume chake kwa miaka minne. Alisema barazani kwamba nchi iliyokatwa vipande inaliwa kama nyama iliyokatwa vipande. Lakini mwanzoni mwa 1898 alitumwa Washington pamoja na wajumbe wengine, akakaa huko wiki sita, akaona kwamba watakata tukikubali na watakata tukikataa, na kwamba lililobaki ni kupata masharti yaliyo bora kidogo. Alirudi na karatasi, akaisoma kila mstari. Ndani yake iliandikwa kwamba shamba la nyumbani la kila Mchoctaw halitauzwa wala kutozwa kodi kwa miaka ishirini na moja. Hapo akabadilika, akaanza kuzunguka wilaya nzima akiwaomba watu wakubali.

Jumapili tarehe 14 Agosti 1898, siku kumi kabla ya kura, aliomba nafasi katika kanisa hili baada ya ibada. Wengi wenu mlikuwepo. Mzee mmoja, ambaye naye ametangulia, alimwambia kwamba hao wa Washington hawajawahi kuonekana wakimngoja mkuu wa wilaya uwanjani, na watu wakacheka, kwa kuwa kila mtu alimkumbuka Amos. Lyman hakucheka. Alisema serikali nayo ni watu, na watu waliotia sahihi mbele ya watu wengine hawana pa kukimbilia. Kisha akashuka kutoka penye mimbari akasimama sakafuni, mahali hapa hapa jeneza lake lilipo.

"Imeandikwa miaka ishirini na moja," akasema. "Shamba la mtoto wa kanisa hili, hata mmoja, likichukuliwa kabla ya hapo, mtanikuta nimesimama hapa, mfanye nami mtakavyo."

Kulli Lusa ikakubali. Haikukubali kwa sababu ya karatasi, ambayo wengi hawakuweza kuisoma, ilikubali kwa sababu yake.

Shemeji yangu hakuwa mjinga, wala hakununuliwa, ingawa yamesemwa hayo na zaidi, na waliosema wamo humu. Alikosea kama Mchoctaw anavyokosea. Aliwapima watu wa Washington kwa Amos Tonihka.

Mashamba yaligawanywa kuanzia mwaka 1903. Mahakama zetu zilifungwa, askari wetu wa farasi wakavua beji zao, na Novemba 1907 nchi yetu ikaingizwa katika jimbo la Oklahoma, nasi tukaamka tukiwa wageni wachache ndani yake. Mei 1908, kabla hata watoto waliozaliwa mwaka wa kura hawajaota ndevu, ikatungwa sheria nyingine huko huko Washington, na mashamba ya waliokufa, na ya watoto wengi, yakawekwa mikononi mwa mahakimu wa kaunti. Februari 1909 akafa Wesley Tonihka, yule mtoto mchanga wa Amos, kwa homa ya mapafu, akaacha wasichana wawili wadogo na shamba lenye misonobari mirefu kuliko yote ya bonde hili. Hakimu wa kaunti aliwateulia wasichana hao mlinzi wa mali, mtu wa mjini mwenye kiwanda cha mbao, ambaye hawakuwa wamewahi kumwona. Kufikia Novemba misonobari ilikuwa imekatwa na shamba limeuzwa. Mlinzi huyo alieleza kwamba yote yametumika katika matunzo ya watoto, na watoto wakati huo walikuwa wakilala kwa Siney na kula kwa Siney.

Lyman, akiwa na miaka sitini na tisa, alivaa koti lake la Seneti akaenda kusimama mbele ya hakimu huyo, Machi 1910. Hakimu alimtazama kwa upole akauliza kama mzee angependa atafutiwe mkalimani. Lyman alijibu kwa Kiingereza cha Spencer kwamba angeshukuru sana kumpata, ikiwa mahakama inaye mtu anayeweza kumfasiria hakimu maneno ya mkataba. Watu walicheka, hakimu naye akacheka, kisha akalitupa shauri. Alirudi na shauri la mtoto mwingine, na la mwingine, miaka mitatu mfululizo, nyumba kwa nyumba za kanisa hili, na hakushinda hata moja, na mwishoni karani alikuwa akimwona mlangoni anaanza kutabasamu kabla hajaketi.

Shamba lake yeye halikuguswa. Sheria ililinda shamba la Mchoctaw halisi aliye hai, naye alikuwa hai, na jambo hilo lilimwuma kuliko risasi ya nyonga. Alikwenda kwa Siney mara nyingi kumwomba ahamie kwake pamoja na wasichana, alime anapotaka, akate miti anayotaka. Siney alimwacha asimame nje ya ua, akiendelea kutwanga mahindi yake, na mara moja tu ndipo alipomjibu, kwamba hataki kukaa kwa hisani mahali ambapo alikaa kwa haki. Wasichana walipelekwa shule ya bweni, yule mdogo akafia huko.

Ugonjwa wake ulianza Januari mwaka huu wa 1914. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, Daktari Pruett akasema ni moyo. Kuanzia Agosti alilala ameketi. Dada yangu anasema "huyu" hakulalamika juu ya maumivu, alichokuwa akiuliza kila anapoamka ni siku gani ya juma.

Jumapili tarehe 4 Oktoba alimwomba Selina afunge farasi kwenye gari. Mchungaji alikuwa bado hajaanza mahubiri alipoingia, Selina upande mmoja na mimi upande wa pili, akatufanyia ishara tumwachie, akasimama mahali hapa. Alikuwa akihema sana na tuliomjua tuliinamisha vichwa.

"Nilisema mtanikuta hapa," akasema. "Nimekuja."

Mtoto mmoja alilia akatolewa nje. Watu walitazama mikono yao. Aliendelea kusimama, akiangalia benchi moja hadi jingine, kama wakili anavyowaangalia wazee wa baraza wanaporudi na uamuzi, na nikaelewa kwamba alikuwa akingoja kweli, kwamba amekuja tumhukumu au tumfungue, na kwamba lolote kati ya hayo mawili angelipokea kwa shukrani.

Ndipo Siney Tonihka aliposimama kule nyuma, upande wa wanawake. Hakupaza sauti.

"Unamngoja nani, wakili?" akasema. "Jaji wetu yuko wapi? Mkuu wa wilaya yuko wapi? Kaka yangu alikuja akakuta taifa zima limemngojea, likamwua kwa heshima. Wewe umekuja kwetu, na sisi ni nani? Hatuwezi kukuhukumu. Kukuachilia hatuwezi pia. Wenye kuweza ulitushawishi tuwavunje." Kisha sauti yake ikawa nyingine, ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Kaa chini, Lyman. Miguu yako imevimba."

Hakukaa. Alisimama ibada yote, ameshika mgongo wa benchi la mbele, na mchungaji akahubiri kwa ufupi. Tulimrudisha nyumbani, na katika siku zilizobaki hakuuliza tena ni siku gani ya juma.

Lyman Ahekatubbi alifariki dunia Jumatano tarehe 21 Oktoba 1914, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi saba na siku kumi. Ameacha mjane, binti mmoja, na Taifa ambalo halipo tena.

Kwa niaba ya familia ninamshukuru Daktari Pruett, aliyepita mito iliyofurika mara nyingi na hakupokea kitu. Ninawashukuru majirani waliomwinua na kumlaza tangu Agosti, wanawake ambao wamekuwa jikoni tangu Alhamisi wakipika mahindi ya kukobolewa na nyama kwa ajili ya wageni, vijana wa upande wangu waliochimba kaburi katika ardhi ngumu kama hii, na wale watatu waliobaki wa kikosi chetu, waliokuja na makoti yao ya zamani. Waliokuwa mawakili pamoja naye katika mahakama za Taifa ningewashukuru, lakini wote wametangulia, na niliyebaki kuyajua majina yao ni mimi.

Limebaki jambo moja. Kwa desturi, sisi wa iksa ya pili ndio tunaopanga siku ya kilio cha mwisho, watu warudi, wamlilie marehemu kwa mara ya mwisho, wale pamoja, na huzuni ifungwe. Mtu asiyeliliwa hivyo hajaondoka vizuri, na waliobaki nao hawajafunguliwa. Nimeulizwa tangu Alhamisi, na watu wema, kama nitathubutu kuwaita watu wamlilie mtu ambaye neno lake bado liko juu yake. Mama Siney ameketi huko nje kwenye gari lake. Alikuja wa kwanza leo asubuhi, hakuingia, na mimi sikumwuliza amekuja kulia au kutazama, kwa kuwa sina haki ya kumwuliza.

Nimepanga iwe Jumamosi tarehe 28 Novemba, hapa kanisani. Sina la kuwaahidi juu ya siku hiyo. Sijui atakuja nani, na sitamlaumu asiyekuja, kwa maana yuko mtu humu ambaye shamba la wanawe limelimwa mwaka huu na mgeni, na machozi yake ana pa kuyapeleka. Hakuna aliyebaki katika nchi hii mwenye mamlaka ya kumfungua shemeji yangu, wala mchungaji, wala mimi niliyemchukua mgongoni Honey Springs. Tunamzika jinsi alivyotuachia, bado amesimama mbele yetu anangoja jibu.

Mimi nitaketi kwenye benchi hili siku hiyo, na kama nitakuwa peke yangu nitalia peke yangu.

Kaa chini sasa, shemeji. Kaa chini, upumzike.